Swala Wawili

Baba alipotoka Maweni na karatasi ya Sudi
hakuja moja kwa moja nyumbani. Alipitia soko la Mwanga,
akanunua migebuka miwili ambayo hatukuihitaji,
akafika Buzebazeba samaki wamelegea
na neno moja limemkaa kooni: selimundu.

Shangazi Mgeni ndiye wa kwanza kulitafutia ukoo.
"Kwetu," alisema, "hakuna damu ya namna hiyo.
Waulizeni wa Kasingirima, alikotoka mama yake."
Mama aliendelea kuchambua dagaa,
kichwa huku, mwili kule,
kichwa huku, mwili kule.

Tabibu Gwasa aliwaita wote wawili.
Hakuchora kitu. Alitoa sarafu mbili za shilingi mia,
moja akampa baba, moja akampa mama.
"Upande wa kichwa, damu nzima.
Upande wa swala, damu ya mundu.
Mtoto harithi sarafu yenu. Hurithi upande uliolala juu,
mmoja wa baba, mmoja wa mama.
Kichwa kimoja kinatosha kumtembeza.
Ndiyo maana wewe umebeba chumvi Uvinza miaka yote,
na swala wako hajawahi kutikisa jani.
Haya, rusheni."

Kichwa, swala. Huyo pengine mimi.
Swala, kichwa.
Kichwa, kichwa.
Kisha swala wawili, pua kwa pua mezani,
mmoja wa Kasingirima, mmoja wa kwetu.

Shangazi hakuwepo. Hasara kubwa.

Bibi aliposikia kwamba swala wawili ndio wamemuumiza mtoto,
aliweka tasbihi chini.
"Uongo," akasema. "Swala haijapata kumdhuru mtu."
Tulicheka mpaka Sudi akashika mbavu,
na tulipoona anavyozishika, tukaacha.

Baba ni mtu wa duka, akapiga hesabu za duka:
mmoja kati ya wanne, mmoja tumeshatoa,
deni limekwisha, watatu wajao ni faida.
Alizaliwa Hidaya, mzima, anapanda mipera kama ngedere.
Baba akatabasamu kama aliyeandikiwa risiti.
Akazaliwa Mwanaidi.
Julai ya kwanza, vidole vyake vikavimba.

Sarafu haina daftari.
Haijui jana iliangukaje, haioni aibu kurudia.

Mimi niliyajua hayo kwa simbilisi wangu wa jikoni.
Dume jeusi, jike jeusi, watoto wanne, weusi wote.
Uzao wa pili, watatu: wawili weupe kama unga wa muhogo,
na jirani akaapa kuna dume lililoruka ukuta.
Ukuta gani? Niliwafunga kwa bati.
Nilichora kwa mkaa nyuma ya mlango, mstari kwa kila kichanga.
Uzao mmoja ulinidanganya, wa tano ulinidanganya tena,
hadi mistari ilipofika thelathini na mmoja, weupe wanane,
ndipo ile robo ilipojitokeza, taratibu,
kama mtu anayetembea kwenye umande.
Robo huonekana katika umati. Nyumba moja haina umati.
Nyumba moja ina Sudi, anayekunywa maji lita tatu kwa siku,
na Mwanaidi, anayelala na soksi.

Hidaya na mimi ni wazima.
Lakini wazima wa nyumba kama yetu,
watatu wakipimwa, wawili kwa kawaida
wana swala aliyelala nyasini.
Sijui kama nami nina wangu. Namsikiliza usiku.
Hana kishindo.

Yahaya wa Gungu alipokuja kuniambia wazee wake wako tayari,
nilimuuliza kabla hajakaa: "Umepima?"
Akajisachi haraka, akatoa cheti cha zahanati, salama,
hana virusi, kimepigwa muhuri Jumatatu.
"Nimekiona," nikasema. "Hongera.
Sasa niambie, mfukoni una shilingi mia?"